MREJESHO: Yule Ignatius aliyenishinda, nimemmaliza

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama niendelee na riwaya ya vichekesho A Confederacy of Dunces ya John Kennedy Toole au niiache, maana Ignatius J. Reilly alinikera: jitu zima, msomi, linaishi kwa mama yake New Orleans, kofia ya kijani ya kuziba masikio kichwani, na kila mtu kwake ni mjinga.

Katika ushauri wenu, kilichosaidia zaidi ni kusoma majibizano kwa sauti. Jones, yule mfagiaji wa baa mwenye miwani ya jua, alinivunja mbavu. Na aliyesema nivumilie mpaka Ignatius apewe mkokoteni wa soseji, asante sana. Anazila mwenyewe badala ya kuziuza!

Dibaji iliyoandikwa na mwandishi mwingine, Walker Percy, niliiacha hadi mwisho, kama mlivyoshauri. Ningejua mapema kwamba Toole alijiua 1969, na kwamba mama yake ndiye aliyehangaika na muswada hadi ukachapwa 1980, kicheko kingekata.

Kilichogoma ni yale madaftari ya Ignatius, anamomwaga mawazo yake. Mlisema yatanoga mbele ya safari, kwangu wapi! Nimeruka kurasa kadhaa na sina mpango wa kuzirudia.