Tupeane uzoefu: mliowahi kufanya kazi kampuni kubwa ya vitabu

Mwanzisha mada
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu kapata barua ya ajira, mhariri msaidizi katika kampuni kubwa ya uchapishaji. Amefurahi mpaka usingizi haumjii. Mimi nilikaa kwenye kampuni ya aina hiyo miaka tisa, nikaondoka, na aliponiuliza, "Kaka, niende?" nikakosa jibu la papo hapo. Naanza na langu, nanyi leteni yenu.

Nilianzia kwenye kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio zinazokaguliwa makosa kabla ya kitabu kuchapwa. Mhariri mkuu wangu, mama mmoja mtulivu sana, aliniwekea rula mezani akanionyesha namna ya kufunika mstari wa chini ili jicho lisikimbilie mbele. Vichwa vya sura akataka nivisome mwisho, peke yake, kwa sababu herufi kubwa hakuna anayezitilia shaka. Siku ya tatu nikakuta jina la mwandishi limekosewa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Walikuwa wameshaupitia watu sita. Mafunzo yale sijayapata popote tena, na namshukuru yule mama mpaka leo.

Kilichonichosha ni kwamba saa za ofisi zililiwa na vikao na barua pepe. Kuhariri kwenyewe, yaani kazi niliyoajiriwa kuifanya, nilikuwa nakubeba kwenda nako nyumbani. Hakuna aliyeniamuru. Wote tulifanya hivyo, na siku nilipouliza kuhusu malipo ya saa za ziada nikajibiwa, "Kwani wewe hupendi vitabu?" Iliniuma sana. Napenda vitabu, lakini sikuwa nimeulizia hilo.

Fundi Jalada
Mkuu, mimi nilikuwa nasanifu majalada. Ngoja niwaeleze ukubwa wa kampuni unavyoweza kuharibu kitabu bila mtu yeyote kuzembea.

Upana wa mgongo wa kitabu unatokana na karatasi. Kitabu cha kurasa 320 kina karatasi 160. Kila karatasi ikiwa na unene wa milimita 0.10, mgongo ni milimita 16. Nilisanifu kwa kipimo hicho, jina la kitabu likakaa katikati, nikafunga faili. Baadaye idara ya ununuzi ikapata karatasi nafuu ya milimita 0.09. Barua pepe ikazunguka kwa watu kama kumi na wanne, mimi simo. Piga hesabu: mgongo umeshuka mpaka milimita 14.4. Milimita moja na nusu kwa mtu wa kawaida si kitu, lakini kwenye mgongo mwembamba maandishi yanahama kutoka katikati, na ukingo wa rangi ya mgongo unakunjikia kwenye jalada la mbele.

Nilikishika kitabu cha kwanza kutoka mtamboni nikahisi tumbo linanikata. Nakala zote zilikuwa zimeshajalidiwa. Mwandishi alikuwa amekisubiri kitabu hicho miaka minne. Kwenye kikao kila idara ilionyesha kwamba yenyewe ilifuata utaratibu, na ni kweli ilifuata. Toka siku hiyo sikufunga faili la jalada kabla ya kumpigia simu mtu wa karatasi, kwa sauti yangu mwenyewe. Mwambie mdogo wako ajue majina ya watu wa idara nyingine mapema, hasa wale wa uzalishaji.

Mtu wa Miswada
Langu fupi. Nilikuwa napokea miswada inayotumwa bila kuombwa. Barua ya kukataa ilikuwa moja kwa wote. Kuna mzee aliandika mswada mzima kwa mkono, mwandiko safi, sura zimehesabiwa kwa wino mwekundu. Nilimtumia barua ileile. Nilipaswa kumwandikia hata mistari miwili yangu, na inanisumbua mpaka sasa.

Mama Mrabaha
Wanangu, mimi nilikuwa upande wa hesabu za waandishi. Simu zilikuwa za machozi. Mwandishi anaambiwa nakala 5,000 zimepelekwa madukani, anatengeneza bajeti yake, halafu taarifa ya mrabaha, yaani fungu lake kwa kila nakala iliyouzwa, inakuja ndogo. Hajaambiwa kwamba mara nyingi maduka yana ruhusa ya kurudisha visivyouzwa, na kwamba kampuni hushikilia sehemu ya mrabaha kungoja marejesho hayo. Tena kama alipewa malipo ya awali, yanakatwa kwanza mpaka yaishe. Yote yamo kwenye mkataba, kwa lugha ya mawakili. Nilianza kuambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo ya kawaida na kila taarifa. Mkuu wangu hakupenda, akidai tunajitafutia maswali. Simu za kilio zilipungua, naye akaacha kulisema.

Zamu ya Usiku
Suala la saa na mishahara si la kampuni moja wala nchi moja. Wafanyakazi wa HarperCollins, kampuni kubwa ya vitabu kule New York, waligoma kuanzia Novemba 2022 mpaka Februari 2023, katikati ya majira ya baridi, wakiwemo wahariri wasaidizi, wabunifu na watu wa masoko. Kima cha chini kilikuwa dola 45,000 kwa mwaka, na makubaliano yakakipandisha kwa hatua hadi 50,000 mwaka 2025. Walifika huko kwa sababu walikuwa na chama cha wafanyakazi. Huyo mdogo wako aulize kama chama kipo kabla ya kusaini, na kama kipo ajiunge wiki ya kwanza.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, ndugu zangu. Nimemsomea yote haya jana usiku. Nimemshauri aende, maana kufundishwa kama nilivyofundishwa mimi ni vigumu kukupata kwenye kampuni ndogo yenye mhariri mmoja anayefanya kila kitu. Ila aombe kwa maandishi saa za kazi, na kazi ya nyumbani inahesabiwaje. Kaandika, wakamjibu kwamba watalizungumza akifika. Nimemrudisha aandike tena.

Fundi Jalada, kakuelewa mpaka kwenye milimita 14.4, sasa anataka kujua kama gundi na jalada lenyewe vinaongezwa kwenye hesabu ya mgongo. Hilo sikuweza kumjibu.