Tupeane uzoefu: uchaguzi wa Uingereza wa Desemba 2019, uliamuaje kura yako?

Mbeba Boksi
Wadau wa huku, habari za majukumu. Tumekuwa tunabishana kazini kuhusu ule uchaguzi wa Desemba 12, 2019, nikaona niulete hapa. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kura ya maoni ya 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, yaani Brexit, iliwagawa wenyeji, asilimia 51.9 watoke kwa 48.1 wabaki, Bunge likakwama miaka mitatu, waziri mkuu Theresa May wa Conservative akaondoka, Boris Johnson wa chama hicho hicho akaingia na "tumalize Brexit". Jeremy Corbyn, kiongozi wa wapinzani wao Labour, naye akasema atajadiliana upya na Umoja wa Ulaya, kisha wananchi warudi kupiga kura ya maoni nyingine. Kuna nyumba watu hawakusemezana Krismasi ile.

Sitaki kampeni ya chama hapa. Nataka kujua wewe mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda, au uliyechukua uraia, ulifikaje kwenye uamuzi wako. Nani alikuvuta, nani alikukera, ulipiga hesabu gani.

Mimi sina la kusimulia. Nakaa East Ham, Labour walishinda kwa zaidi ya kura 33,000. Nilipiga nikaenda zamu. Huku humpigii waziri mkuu, unampigia mbunge wa jimbo lako tu, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye anachukua, hata kama waliomkataa ni wengi zaidi. Kwa hiyo mwenye kazi ya kufikiri ni yule aliye kwenye jimbo la kugombaniwa. Ninyi ndio nawataka.

Bint Malindi
Assalaam alaykum. Basi mie nilikuwa humo humo. Nakaa Kensington ya kaskazini, upande wa nyumba za halmashauri, si ule wa majumba ya mabalozi. Jimbo lilikuwa la Conservative siku zote. Juni 2017 Labour wakalichukua kwa kura 20. Ishirini! Walihesabu wakarudia, na matokeo yakatoka Ijumaa jioni, nchi nzima imeshamaliza. Hata wiki haijaisha, jengo la Grenfell, ghorofa la makaazi kwetu huku huku, likaungua, wakafa watu 72.

Kwa hiyo ilipofika 2019, kwetu sie habari haikuwa Ulaya peke yake. Upande wa kusini wa jimbo walizungumza soko la pamoja. Sie tulizungumza makaazi, na nani atawajibika kwa zile paneli za ukuta wa nje wa Grenfell zilizoshika moto. Na Boris Johnson, yule aliyeandika gazetini mwaka 2018 kuwa wanawake wa Kiislamu wenye kuvaa nikabu wanafanana na masanduku ya posta, ndiye anayetaka kubaki waziri mkuu. Huyo nilimtoa mapema.

Shida ilikuwa Sam Gyimah. Mtu mwenye asili ya Ghana, alikuwa mbunge na waziri wa Conservative, akatimuliwa Septemba pamoja na wenzake kwa kukataa kujitoa Ulaya bila mkataba, akahamia Liberal Democrats na kuja kugombea kwetu. Mwanangu wa kike, wakati ule yuko chuo, alimpenda huyo hasa. Mlangoni tunaletewa vipeperushi vya grafu, kila grafu na chama chake: huyu tu ndiye anayeweza kuwashinda Conservative! Zile tovuti za kushauri watu jinsi ya kupiga kura nazo hazikupatana, moja inasema Gyimah, nyingine inasema Labour.

Mie nilifanya hesabu rahisi. Uchaguzi uliopita nani alikuwa wa kwanza na nani wa pili? Nikabaki na Labour, japo Corbyn alinichosha kwa kutosema anasimama upande gani wa Ulaya. Binti akampigia Gyimah. Matokeo: Conservative 16,768, Labour 16,618, Gyimah 9,312. Tofauti 150.

Mpaka leo tukikaa kula Idi binti yangu hutajiwa hiyo 150 na kaka zake. Hanyamazi mtoto yule. Hujibu kuwa zile 9,312 hazikuwa mali ya Labour zikaibiwa, wengi walikuwa watu wa Conservative waliokasirika, na bila Gyimah wangerudi kwao. Nami nimefika pahala naona ana haki, ingawa mbele ya kaka zake simwambii.

Mwenda Kaskazini
Bint Malindi, wewe 150, mimi 149. Tupeane mkono.

Niko Kirkintilloch, kaskazini mwa Glasgow, jimbo la East Dunbartonshire. Mbunge wetu alikuwa Jo Swinson, kiongozi wa Liberal Democrats nchi nzima. Huku Uskochi tulikuwa tumegawanyika mara mbili, kwa sababu kabla ya Brexit kulikuwa na kura ya uhuru ya 2014, asilimia 55 wakasema tubaki Uingereza. Halafu 2016 Uskochi ikataka kubaki Ulaya kwa asilimia 62 na bado ikatolewa. Ukikutana na mtu hujui amekasirikia muungano upi.

Mimi nilitaka miungano yote miwili ibaki. Kwa karatasi, Swinson alikuwa mtu wangu. Lakini aliahidi kwamba chama chake kikipata wingi bungeni kitafuta Brexit moja kwa moja, bila kuwauliza wananchi. Hapo nilikwama wiki nzima. Mimi ni Mkenya. Mwaka 2017 nilitazama Mahakama ya Juu ikifuta uchaguzi wa rais Septemba 1, na watu wakarudi kwenye foleni Oktoba 26. Korti ikifuta baada ya kusikiliza ushahidi, sawa, hata kama inauma. Chama kufuta kura za watu milioni 17 kwa sababu kimepata viti ni jambo lingine.

Nilimpigia hatimaye, kwa sababu SNP, chama kinachotaka uhuru wa Uskochi, ndio waliokuwa wa pili nyuma yake, na sikutaka kura nyingine ya uhuru. Akashindwa na SNP kwa kura 149, akapoteza ubunge na uongozi wa chama usiku ule ule.

Kitu kimoja kilinipendeza lakini. Nyumbani mtu akisikia jina la baba yako anadhani ameshajua ulipiga wapi. Hapa jirani yangu mzungu aliniuliza kwa adabu kabisa, na hakuwa na namna ya kukisia. Yeye nilimkisia kwa umri wake, nikapatia.

Nesi wa Stoke
Habari zenu. Stoke-on-Trent hapa, hospitali. Mji huu asilimia 69 walitaka kutoka Ulaya, na wodini kwetu mazungumzo yalikatika kila akiingia nesi Mreno.

Uamuzi wangu ulikuwa wa mfukoni, sitawadanganya. Mume wangu alikuwa bado na viza, tunamlipia ile ada ya matibabu ya wahamiaji, paundi 400 kwa mwaka, juu ya ada ya viza yenyewe. Mimi ndiye ninayewahudumia wagonjwa katika huduma hiyo hiyo, nakatwa kodi na bima, na bado tunalipa. Ilani ya Conservative ikasema itapanda mpaka 625. Humo humo wakaahidi manesi 50,000 zaidi. Ukiuliza vizuri unaambiwa zaidi ya 18,000 kati yao ni hawa hawa waliopo kazini, watakaobembelezwa wasiache. Tulicheka sana chumba cha chai. Nikapiga Labour.

Ila kilichobaki kichwani mwangu ni sista mkuu wetu. Mwenyeji wa hapa, baba yake mchimba makaa ya mawe, ukoo mzima Labour. Alinivuta stoo akaniambia amepiga Conservative kwa mara ya kwanza maishani, na mama yake mzazi asijue. Nilimuuliza kwa nini. Akasema walituuliza 2016, tukajibu, halafu wakaanza kutueleza kuwa hatukuelewa swali. Sikuwa na jibu la kumpa. Majimbo yote matatu ya Stoke yalikwenda Conservative.

Papa Uvira
Jambo ndugu. Mimi niko mtu wa Uvira, nakaa Manchester. Mimi kura sina. Kongo haiko kwenye Jumuiya ya Madola, basi mkimbizi sawa vile mimi anangoja uraia kwanza. Jirani yangu Mnyarwanda anapiga, sababu nchi yake iliingia Madola mwaka 2009. Mwingereza hakuwatawala hata siku moja! Na shemeji yangu mwenye pasi ya Ubelgiji naye hana, wa Ulaya hawapigi huu uchaguzi mkuu, isipokuwa Waairishi na wale wa Malta na Kupro.

Lakini nyumba yangu ilipiga. Mtoto wangu wa kwanza amekwisha kuwa raia, alikuwa na miaka 18. Alitaka nimwambie afanye nini. Nilimwambia asome kila karatasi inayoanguka mlangoni, halafu anieleze kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza. Kama hawezi kunieleza, basi mgombea naye hajasema kitu. Karatasi tatu alishindwa kutafsiri, akazitupa.

Mwenda Kaskazini
Papa, ungekuwa huku Uskochi ungepiga kura za halmashauri na za Bunge la Uskochi, tangu 2020 hawaulizi uraia, mradi unaishi kihalali. Ya Westminster, Bunge la Uingereza nzima, ndiyo ngumu.

Mzee wa Belgrave Road
Salaam. Mimi Mhindi wa Mwanza, Kiswahili changu cha dukani, mtanisamehe. Leicester tangu baada ya majengo kutaifishwa Tanzania 1971.

Mnasema ya 2019, mimi nasema ya Julai 2024. Waziri mkuu wakati ule Rishi Sunak wa Conservative, baba amezaliwa Kenya, mama Tanganyika. Vijana wangu wote wanafikiri mzee atapiga kwa sababu hiyo. Siyo. Serikali yake ndiyo ilishikilia mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, hata Mahakama ya Juu ilipoukataa Novemba 2023 wakatunga sheria mpya. Mtu aliyefika hapa na sanduku moja hapendi kusikia hivyo. Lakini Labour jimboni kwetu walivurugana: wabunge wao wawili wa zamani, Keith Vaz na Claudia Webbe, wote waligombea dhidi ya chama chao cha zamani. Mimi nilipiga Conservative, kwa sababu ya kodi ya duka, na mgombea Shivani Raja ni mtoto wa hapa hapa. Akashinda. Nchi nzima chama kinaanguka, hilo jimbo peke yake ndilo walilopata kutoka kwa Labour.

Nesi wa Stoke
Shikamoo mzee. Na ule mpango wa Rwanda uliokukera, si ulikuwa wa hao hao uliowapigia?

Mzee wa Belgrave Road
Marahaba binti. Ndiyo. Ilinikera na nikapiga. Karatasi ina kisanduku kimoja kimoja, hakuna mahali pa kuandika "lakini".

Mgeni Cardiff
Samahanini wakubwa, mimi Mtanzania, nimekuja 2023 kwa viza ya kazi za kea, kutunza wazee na wagonjwa. Ina maana hata mimi ninaruhusiwa? Kazini wameniambia mpaka nipate pasi ya Muingereza.

Mbeba Boksi
Unaruhusiwa, mdogo wangu. Raia wa Madola mwenye kibali halali cha kuishi, umri 18, basi. Jiandikishe mtandaoni kwa namba yako ya bima ya taifa. Tangu 2024 uchaguzi mkuu unadaiwa kitambulisho chenye picha, ila pasi yako ya Tanzania inakubalika, hata ikiwa imeisha muda, mradi sura bado ni yako.

Mgeni Cardiff
Pasi ninayo. Kwenye picha nina nywele nyingi, lakini ni mimi. Najaza leo nikitoka zamu.