Naomba ushauri: kufunika pengo la ukuta wa kifua baada ya mionzi

Wakuu, naomba ushauri wenu. Mgonjwa aliondolewa titi na tezi za kwapa kwa sababu ya saratani, kisha akapigwa mionzi. Sasa ana kidonda sugu, na mbavu 3 chini yake zimeoza. Kipimo cha nyama hakionyeshi saratani kurudi.

Mbavu zitakatwa hadi kwenye mfupa unaotoa damu. Ukifunika mfupa mfu, usaha utarudi tu. Pengo litazidi sentimita 5, na hapo kwa kawaida huwekwa kitu kigumu ili kifua kisibonyee mgonjwa anapovuta pumzi. Lakini wavu wa plastiki penye usaha ni hatari, na tishu zilizokakamaa kwa mionzi mara nyingi hukishikilia kifua zenyewe. Naelekea kutouweka.

Kinachonisumbua hasa ni kifuniko. Msuli mpana wa mgongo ndio wa kwanza kufikiriwa, ila mshipa wake wa damu hupita kwapani, palepale palipopasuliwa. Nataka CT (picha ya kompyuta) ya mishipa kwanza. Ikiwa umeziba, mnaonaje kupandisha omentamu (utando wa mafuta unaofunika utumbo) kutoka tumboni na kupandikiza ngozi juu yake? Nahofia henia (ngiri) pale omentamu itakapopita. Waliowahi kufanya, mliipitishia wapi?