Timu ya chuo Mtwara mjini: watu wa mtaani tutawaletaje uwanjani?

Katibu_Michezo
Wakuu, habari za jioni. Chuo chetu kipo Mtwara mjini, tuna timu ya mpira wa miguu na ya netiboli. Wanaokuja kutazama ni wanafunzi wenyewe, na chuo kikifungwa hakuna mtu. Mtaani kote ni Simba na Yanga. Uongozi unataka tuhamie uwanja mkubwa wa mjini, Nangwanda Sijaona, ili tuonekane timu kubwa. Bajeti ni ya kuunga unga. Tuanzie wapi?

Kuchele14
Nangwanda acheni kwanza. Watu 200 pale wanaonekana kama wamekuja kufanya usafi. Hao hao 200 wakizunguka uwanja wa chuo, mpita njia atasimama aulize kuna nini.

Pesa ya kwanza nunueni kamba. Uwanja wa mita 100 kwa 64, kamba ikikaa mita 2 nje ya mstari, mzunguko ni mita 344. Chukueni 360, mafundo yanakula. Vigingi kila mita 4, yaani 86, viwe vya mti na vifike kiunoni. Nondo hapana, mchezaji akiteleza ni hatari. Bila kamba watoto wanasogea hadi kwenye mstari, mshika kibendera anakosa pa kukimbilia, mechi inasimama kila dakika tano na mtu mzima anaondoka zake.

Halafu muda. Mwezi wa 6 jua la huku linazama saa 12 na dakika chache. Mechi pamoja na mapumziko ni dakika 105, bado za nyongeza. Anzeni saa 10:00 kamili: waliokwenda kuswali alasiri wamesharudi, na mnamaliza kabla ya 12. Mkichelewa nusu saa, kipindi cha pili kinaishia gizani na mama mwenye mtoto ameshaondoka. Netiboli iwe 8:30, robo nne za dakika 15 na mapumziko yake, inaisha watu wakiwa wanaingia.

Binti_Chikongola
Naongezea hapo kwa kaka Kuchele. Rangi ya jezi msiichukulie poa. Nyekundu, Yanga hawavai. Kijani na njano, Simba hawavai. Chukueni zambarau au chungwa, mtu aivae bila kuulizwa maswali kijiweni.

Mapumziko msiyaache wazi. Vijiwe viwili vya bodaboda, kila kimoja wapigaji watano wa penalti, zawadi ni mafuta lita 2 kwa kila mpigaji wa kijiwe kilichoshinda. Jumla lita 10. Waalikeni siku nne kabla, si asubuhi ya mechi, maana wanahitaji muda wa kutaniana. Utani huo ndio tangazo lenyewe, kila abiria atausikia. Wiki ijayo leteni vijiwe vingine: Shangani, Magomeni, Ligula, hivyo hivyo.

Mzee_wa_Ratiba
Shida hii si ya Mtwara tu. Chuo kikuu cha Northwestern cha Marekani kipo Evanston, jirani kabisa na Chicago, mji wenye timu kubwa za kulipwa kama Bears, Bulls na Cubs. Mwaka 2010 timu yao ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mkononi, ilianza kujitangaza kama timu ya Chicago, na Novemba wakapeleka mechi yao na chuo kikuu cha Illinois kwenye Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa Chicago. Nafasi ilibana, ukuta ukawa karibu mno upande mmoja, ikabidi timu zote zishambulie kuelekea goli lile lile moja. Gumzo walilipata, mechi wakafungwa 48-27. Na Chicago wahitimu wa Illinois wamejaa tele, kwa hiyo ukipeleka mechi mjini unaweza kumjazia mgeni wako uwanja. Mwambieni uongozi hilo kabla hawajalipia Nangwanda.

Kuhusu Simba na Yanga, msishindane nao. Yanga wakicheza saa 1 usiku, ninyi chezeni saa 10 siku hiyo hiyo, watu watoke kwenu waende vibanda umiza, vile vya kulipia kutazama mpira kwenye TV. Mwenye kibanda atawatangaza bure mkimtajia kibanda chake kwenye spika. Ila ratiba ya ligi hupanguliwa sana, kwa hiyo msichapishe mabango ya mwezi mzima. Ubao wa chaki kwenye vijiwe sita unatosha, unafutika.

Katibu_Michezo
Nashukuru sana wakuu. Kiingilio je? Na wakati wa likizo?

Kuchele14
Kiingilio hapana, mpaka kamba ijae pande zote mbili ndefu mechi tatu mfululizo. Fulana uzeni kwa oda, nusu ya pesa mbele, la sivyo zitabaki stoo.

Likizo ndiyo kipimo. Wachezaji wanaoishi mjini wabaki na mazoezi siku mbili kwa wiki, saa ile ile, uwanja ule ule. Waiteni timu za sekondari zije kucheza mechi ya utangulizi, wazazi watafuata watoto wao. Oktoba hadi Desemba msipange mechi nyingi. Korosho imeiva, wengi wako mashambani au wanahangaika na minada.

Binti_Chikongola
Na mamluki, jamani! Mtaani wanajua nani mwanafunzi na nani kaazimwa. Mkimchezesha mmoja, kwenye mashindano ya vyuo mtawekewa pingamizi, na kijiweni mtachekwa mwaka mzima. Bandikeni orodha ya wachezaji, kozi na mwaka wa masomo, pale pale getini.