Naomba ushauri: natembea mahekalu 88 ya Shikoku, Japani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko kwenye hija ya mahekalu 88 ya Shikoku, kama kilomita 1,200 kwa miguu, njia ya Kobo Daishi, mtawa wa Kibudha wa kale. Nimefika la 23, Yakuoji. Hadi la 24, Hotsumisakiji, ni kama kilomita 75 kandokando ya bahari, na mguu una malengelenge tangu ule mlima wa Shosanji, hekalu la 12. Nimebadili soksi, nimepumzika siku mbili, bado unauma.

Mliowahi kupita, kipande hiki mlikigawa siku ngapi? Na wenyeji wakinipa zawadi ya njiani, osettai, mimi nisiye Mbudha nipokee vipi? Jana bibi mmoja alinipa machungwa, nikainama tu. Moyo haujatulia.