Kinyaa, karaha au mwiko?

Mwalimu wa Masaka
Ndugu zangu, nimekwama. Mwezi huu wa Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, wanapokaangwa kila kona, niliwapa wanafunzi insha kuhusu vyakula, na binti mmoja akaandika: "Ninaona kinyaa kula senene kwa sababu sisi ni wa ukoo wa Nsenene." Nikalipigia neno kinyaa mstari mwekundu, kisha nikashindwa kumweleza kosa lake. Je, ningempa karaha?

Mama wa Jinja
Mwalimu, mstari wako ulikuwa mahali pake. Kinyaa hukaa mwilini: ni mate yanayojaa mdomoni na koo linalojifunga pale unapomkuta nzi amezama kwenye mchuzi uliokwisha kuuonja. Ndiyo maana twasema mtu ameona kinyaa au ametiwa kinyaa, kwa kuwa ni jambo linalompata bila kuliamua. Binti huyo hawaoni senene kuwa uchafu hata kidogo. Kwa Waganda, omuziro ni kitu cha heshima ambacho mwenye ukoo hakili, ilhali jirani wa ukoo mwingine hukitafuna mbele yake na hakuna anayekosewa. Kinyaa hapo kinaugusa ukoo wake vibaya, naye hakukusudia.

Msomaji wa Mbale
Karaha nayo haifai. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, nduguye makuruhu, na katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, makuruhu ni jambo lisilopendeza ambalo kuliacha ni bora, ingawa si haramu, mfano kwenda msikitini ukiwa umetoka kula kitunguu saumu kibichi. Kwa hiyo ndani ya karaha mna hukumu, na siku hizi imesogea karibu na kero. Wazee wetu hapa Uganda waliokisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, vinywani mwa askari wa miaka ya 1970, walibaki na karaha nacho, wengine hata chuki, na sioni haki kuwaambia kwamba walikosea kuhisi hivyo; lakini kinyaa haikuwa.

Mwalimu wa Masaka
Nashukuru sana. Je, mzio? Naona unafanana na omuziro.

Mama wa Jinja
Unafanana kweli, na zamani mzio ulikuwa chakula anachojiepusha nacho mtu. Lakini leo msomaji atafikiria anayevimba midomo akila karanga. Mwandikie hivi: "Sili senene, kwa kuwa ni mwiko katika ukoo wetu."