Kuzunguka Japani kwa Japan Rail Pass: tupeane uzoefu

Wakuu, uzi huu ni kwa wanaojiandaa kuizunguka Japani kwa Japan Rail Pass, yaani pasi ya wageni ya kupanda treni za JR (kundi la kampuni kuu za reli za Japani) kwa siku kadhaa bila kulipa nauli ya kila safari. Tuwekeane hapa yale ambayo mtu anatakiwa kuyajua kabla hajatoa hela, maana pasi ikishaanza kutumika hairudishiwi fedha wala haiongezwi siku, hata treni zikisimamishwa kwa ajili ya kimbunga.

Naanza na hesabu. Tangu Oktoba 2023, pasi ya siku 7 daraja la kawaida ni yeni 50,000, kutoka 29,650 za awali. Siku 14 ni 80,000 na siku 21 ni 100,000. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu. Mitandaoni bado umejaa ushauri wa enzi za bei ya zamani, kwamba kwenda Kyoto na kurudi Tokyo tu karibu unakuwa umerudisha hela yako. Kwa sasa haiko hivyo. Tokyo hadi Kyoto kwa Shinkansen (treni ya mwendo kasi) ni takriban yeni 14,000, kwenda na kurudi 28,000. Hata ukizunguka Tokyo, Kyoto, Hiroshima na kurudi Tokyo, unacheza kwenye 45,000. Pasi inaanza kulipa pale unapokwenda mbali zaidi: Tokyo hadi Hakata (kituo cha mji wa Fukuoka) kwenda na kurudi ni kama 46,000, ukiongeza Nagano kwenda na kurudi unafika 62,000 hivi. Andika kila safari na nauli yake kwenye karatasi, jumlisha, ndipo uamue.

*

Mkuu umegusa penyewe. Naongezea kitu kimoja: siku 7 ni mfululizo, kwa hiyo usiwashe pasi siku unayotua. Kama unakaa Tokyo siku nne, hizo nne tumia treni za mjini kwa kadi ya kugusa kama Suica, halafu pasi ianze asubuhi ya safari ndefu ya kwanza na iishe siku ya safari ndefu ya mwisho. Mpangilio huu peke yake unaweza kukutoa kwenye pasi ya siku 14 ukabaki kwenye ya 7, tofauti ya yeni 30,000.

Na msisahau pasi za kanda. Kampuni za JR ni kadhaa, tangu shirika la reli la taifa lilipogawanywa mwaka 1987, na kila moja inauza pasi za eneo lake kwa bei ya chini zaidi. Anayetaka Tokyo, Kanazawa na Osaka aangalie Hokuriku Arch Pass ya siku 7 kabla ya kugusa pasi ya nchi nzima.

*

Upande wa karatasi. Pasi ni ya mgeni aliyeingia kwa hadhi ya Temporary Visitor, na maneno hayo lazima yaonekane kwenye stika au muhuri ndani ya pasipoti. Pita dirisha lenye ofisa wa uhamiaji; geti la otomatiki halikuachii alama yoyote, na bila alama hupewi pasi. Mwenye visa ya masomo au ya kazi asijisumbue.

Ukinunua kwa wakala unapewa vocha, ambayo ina miezi 3 ya kubadilishwa kuwa pasi tangu siku iliyotolewa. Ukiibadilisha unachagua tarehe ya kuanza, ndani ya mwezi mmoja. Ukinunua kwenye tovuti rasmi ya pasi, unaweza kubuku siti mtandaoni mapema; kwa vocha ya wakala, kubuku kunasubiri mpaka ushike pasi yenyewe. Kwa anayesafiri misimu ya likizo yenye watu wengi, yaani Golden Week, Obon au mwaka mpya, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Pasi yenyewe ni kikaratasi cha ukubwa wa tiketi ya kawaida, chenye sumaku nyuma. Ikipotea haitolewi nyingine. Iweke mbali na pochi zenye kifungo cha sumaku.

*

Kuhusu treni zenyewe, kinachowachanganya wengi ni Nozomi na Mizuho, aina za Shinkansen zinazosimama vituo vichache zaidi. Pasi haizilipii moja kwa moja. Unatakiwa kununua tiketi ya nyongeza kabla ya kupanda, mfano yeni 4,960 kati ya Tokyo na Kyoto. Hikari, ambayo pasi inailipia, inafika Kyoto kwa takriban saa 2 na dakika 40, Nozomi saa 2 na robo. Kwa maoni yangu, kulipa karibu 5,000 kwa dakika 25 hakuna maana, labda uwe unawahi ndege.

Kwenda Hiroshima au Hakata kwa pasi utabadili kutoka Hikari kwenda Sakura, Shinkansen nyingine ambayo pasi inailipia. Kama Hikari yako inavuka Shin-Osaka, badilia Shin-Kobe: unashuka na kusubiri jukwaa lilelile, bila kupanda na kushuka ngazi na mizigo. Hayabusa, Komachi na Kagayaki, Shinkansen za njia nyingine, hazina behewa la siti huria (za kukaa bila kubuku), kwa hiyo lazima ubuku. Kubuku ni bure, na mashine za tiketi zina lugha ya Kiingereza.

Getini ingiza pasi peke yake, ichukue upande wa pili. Ile tiketi ya siti usiiingize, ni ya kukuonyesha behewa na namba tu. Ukitoka Tokyo kwenda Kyoto, omba siti E. Anga likiwa safi, mlima Fuji unauona wote upande wa kulia karibu na kituo cha Shin-Fuji, na hakika unapendeza.

*

Mizigo: kwenye Shinkansen za Tokaido, Sanyo na Kyushu, jumlisha urefu, upana na kimo cha begi. Likiwa kati ya sentimita 161 na 250, lazima ubuku siti yenye nafasi ya mzigo mkubwa, iliyo safu ya nyuma kabisa ya behewa. Haina malipo ya ziada, ila ukipanda bila kubuku unatozwa yeni 1,000. Zaidi ya 250 hairuhusiwi.

Na jambo la mwisho: treni za chini ya ardhi na reli za kampuni binafsi kama Odakyu na Kintetsu pasi haizilipii. Feri ya JR ya kwenda kisiwa cha Miyajima, karibu na Hiroshima, pasi inailipia, ila kodi ya mgeni ya yeni 100 unalipa mwenyewe. Ukiingia kituo kwa Suica usitoke kwa pasi. Kadi inabaki na rekodi ya safari isiyofungwa, na geti linalofuata litakukatalia mpaka mhudumu wa dirishani aifute.